Bunduki ya Mashoto Iliyokuwa na Mwenyewe

Wakuu, mimi si mtu wa kumwaga mambo ya familia mtandaoni. Ila hili limenikaa kooni tangu msimu wa kuwinda uishe, na nisipolitoa sitatulia.

Nianze na siku ile dukani.

Nilifumba macho, nikaiweka bunduki begani, nikafumbua.

Alama ya darubini ilikuwa imetua katikati ya jicho la kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani. Sikusogeza shingo. Sikusogeza hata unywele.

Huku kwetu, milimani Arizona, ndivyo tunavyopima bunduki. Unafumba, unaweka begani, unafumbua. Ukijikuta unahangaika kuitafuta alama, hiyo si yako, irudishe. Nina miaka thelathini na nane na sikuwahi kufumbua macho nikaikuta alama inanisubiri.

Nikapima kwa mkono. Kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, kidole kifike kwenye kifyatulio. Kikafika vizuri kabisa, na mikono yangu ni mifupi, hakuna bunduki ya dukani inayonikaa.

Na komeo, kile chuma cha kuvuta ili risasi iingie, lilikuwa upande wa kushoto.

Mimi ni mashoto. Nakula kwa kushoto, naandika kwa kushoto, nagonga misumari ya seng'enge kwa kushoto.

Nikasisimkwa mwili mzima. Ilikuwa kama kuna mtu aliingia kwangu akanipima nimelala.

"Raquel, hii naondoka nayo," nikasema. "Andika haraka kabla sijabadili mawazo."

Raquel ni mkamwana wa mzee Clell mwenye duka. Mzee alikuwa mjini Tucson kwa upasuaji wa nyonga, kwa hiyo duka alikuwa analishika yeye. Akageuza kikaratasi kilichofungwa kwenye mtutu. Uso ukambadilika.

"Dada Joleen, samahani sana. Hii ina mwenyewe."

"Mwenyewe yupi?"

"Sijui. Mzee kaandika tu namba, na hapa chini, 'isiuzwe.' Sijui hata imefikaje hapa mbele, ilitakiwa iwe kule nyuma kwa fundi."

Akanyoosha mikono aichukue. Nikaishikilia. Akavuta kidogo. Nikavuta kidogo.

"Dada, usinifanyie hivyo bwana."

Nikaiachia. Nilitoka mle ndani nimesahau kofia yangu kwenye kaunta.

Sasa mtaniuliza, bunduki tu, vurugu ya nini?

Vurugu ni kwamba nilikuwa nimepata kibali cha elki dume.

Wenzangu wa huku mnajua. Kwa wengine, nieleze kidogo. Elki ni jamii ya kulungu, ila mkubwa kama ng'ombe. Vibali vya elki dume vinatolewa kwa bahati nasibu ya serikali. Unaomba, unakosa. Unaomba, unakosa. Mimi niliomba miaka kumi na moja. Jirani yangu aliomba hadi akafa. Ukikipata, una siku saba tu za kuwinda, na zikipita, unarudi mwisho wa foleni. Elki mmoja ni nyama ya mwaka mzima kwa mtu anayeishi peke yake na mbuzi thelathini kama mimi.

Zilibaki siku tisa msimu ufunguliwe. Na sikuwa na bunduki.

Nilichotaka nilikijua. Bunduki ya skauti, yaani bunduki moja ya kazi zote. Fupi, isizidi mita moja, ili isikwaruze matawi. Nyepesi, kiasi cha kuning'inia mgongoni kutwa nzima narekebisha uzio. Ya kuvuta komeo kila risasi, kwa sababu hazigomi hovyo. Itumie risasi za kawaida zinazopatikana hata kituo cha mafuta. Na darubini ndogo iliyokaa mbele kabisa juu ya mtutu, mbali na uso, ili nilenge macho yote mawili yakiwa wazi.

Hilo la darubini nililisisitiza mno. Nina sababu, nitaisema.

Na iwe ya mashoto, na iwe ya bei ya mtu wa mbuzi thelathini. Hapo ndipo kasheshe ilipo. Viwanda vinatutengenezea bunduki chache, na hizo chache bei yake imechangamka kweli kweli.

Nikahangaika. Binamu yangu akaniazima ya kwake ya mkono wa kulia. Kila risasi nilipitisha mkono juu ya bunduki kuvuta komeo, kama mtu anayejikuna mgongo wa mwenzake. Elki hasubiri mambo hayo. Nikarudisha.

Nikaenda maonyesho ya bunduki kule bondeni. Jamaa mmoja akaniletea ya mashoto kweli, ila nzito, ndefu, darubini kubwa imekaa nyuma karibu na jicho.

"Mama, hii utapiga nayo mpaka mwezini," akaniambia.

"Mimi sina shida na mwezi," nikamjibu. "Hiyo darubini ndiyo siitaki."

Akacheka, akanitazama juu ya jicho langu la kulia. "Aah. Ulishaumwa."

Ndiyo. Nina kovu pale juu ya nyusi, limejipinda kama kucha. Huku kwetu likionekana kila mtu anajua. Ukiweka jicho karibu mno na darubini, bunduki inarudi nyuma inakupasua.

Mimi lilinipata nikiwa na miaka kumi na sita. Baba yangu, Orrin, ndiye aliyenifundisha. Nyumbani bunduki zote zilikuwa za mkono wa kulia, na yeye hakutaka kusikia habari za kushoto. Jicho langu la kulia ni zembe, halioni vizuri, kwa hiyo nilikuwa naisogelea darubini taratibu, nasogea, nasogea, nikafyatua.

Damu ilijaa jicho lote. Elki akakimbia. Wajomba zangu wawili walikuwa pale.

Baba hakunishika hata bega. Akatema mate pembeni, akasema, "Mashoto ni mashoto tu."

Wajomba wakacheka. Na kuanzia siku hiyo hadi naondoka nyumbani, jina langu mezani likawa hilo. Mashoto, lete chumvi. Mashoto, funga lango.

Miaka minne iliyopita alinipa bunduki ya marehemu babu. Ya mkono wa kulia, bila shaka. Nikaitazama wiki nzima ukutani. Wiki ya pili nikaiuza kwa mtalii.

Baba alipojua alinipigia simu mara moja. Sauti ilikuwa chini, sikuwahi kuisikia hivyo. "Umeiuza bunduki ya mzee?" Nikasema ndiyo. Akakata simu, na hatukusemezana tena. Anaishi maili kumi na mbili kutoka kwangu. Tukikutana kwenye duka la chakula cha mifugo, mmoja anajifanya anasoma mifuko.

Basi mnaelewa. Elki huyu hakuwa nyama tu. Nilitaka nimwangushe kwa mkono wangu, kwa upande wangu, na habari zimfikie mzee huyo huyo.

Siku mbili zikapita, sikai wala silali. Naanza kushona hatamu, naacha. Naweka maharage jikoni, yanaungua. Kila nikifumba macho, ile bunduki inakaa begani.

Siku ya tatu nikarudi dukani.

"Amekuja mwenyewe?" nikauliza hata salamu sijatoa.

"Na wewe shikamoo," Raquel akasema. "Bado. Kofia yako hiyo hapo."

"Niambie jina."

"Sina jina! Nimempigia mzee hospitali, kalala kwa madawa, kaniambia nimwage mafuta kwenye trekta. Na hatuna trekta."

"Basi nipe kalamu."

Nikaandika kwenye karatasi ya risiti, na kwa kweli hasira ilikuwa imenipanda:

"Kwa wewe uliyeishikilia bunduki hii kama kuku anayetamia mawe. Hii ni ya mashoto. Kama wewe si mashoto, unajionyesha tu, waachie wenye shida. Kama ni mashoto kweli, jitokeze tuzungumze kama watu wazima. Mimi nina kibali, wewe una nini?"

Raquel akasoma, macho yakamtoka. "Kuku anayetamia mawe? Dada, mimi nabandika hii, ila likinigeukia sikujui."

"Bandika."

Wino ulikuwa umechafuka karatasi nzima. Mashoto tukiandika, mkono unafuata nyuma ya maneno unayafuta. Shuleni nilichapwa kwa hilo.

Jumatatu Raquel akanipigia.

"Mwenyewe kaja alfajiri, mume wangu ndiye alikuwa dukani, na kaombwa asitaje jina. Kaichukua. Kasoma barua yako, kauliza nani kaandika, kasimama nayo muda mrefu, kaondoka nayo. Kakuachia jibu."

"Nisomee."

"'Mimi ni mashoto. Jumatano saa nne asubuhi, shimo la kokoto la zamani. Njoo na risasi zako.' Ndio hivyo. Mwandiko mbaya huo, Mungu wangu, kama wa mtoto wa chekechea. Na wino umeburuzwa wote."

Wino umeburuzwa. Basi ni mashoto kweli. Nikapata matumaini, na hapo hapo nikaogopa.

Maana shimo la kokoto la zamani lipo nyuma ya ranchi ya baba yangu. Nikajipa moyo kwamba kila mtu wa huku anakwenda kulengea pale. Hiyo ni kweli.

Jumatano ilikuwa zimebaki siku mbili msimu ufunguliwe. Niliamka nikaswaki mara mbili. Nikafanya mazoezi ya kuomba kwa adabu huku nakamua mbuzi. "Bwana, samahani kwa lile la kuku."

Nikakunja kona ya mwisho, nikaliona gari. Pikapu ya kijani, mlango mmoja mweupe.

Ya baba.

Nikakanyaga breki. Nilikuwa na mkono kwenye gia ya kurudi nyuma, naapa. Halafu nikasikia mlio. Paa! Mmoja. Nikasubiri. Paa! Wa pili.

Nikashuka, nikapanda ukingo wa kokoto, nikachungulia.

Baba alikuwa amekaa chini, viwiko kwenye magoti, kofia kaiweka kando. Hatua hamsini mbele yake kulikuwa na debe la rangi, zima kabisa, halijaguswa. Baba yangu huyu, ambaye sikuwahi kumuona akikosa kitu.

Akapiga ya tatu. Vumbi likaruka pembeni kabisa ya debe.

Ndipo nikaona bega. Bunduki ilikuwa kwenye bega la kushoto.

Ilikuwa ni ile.

Wakuu, akili yangu ilikwenda mbio moja kwa moja mahali pamoja. Kanitengenezea mimi. Mzee kasikia nimepata kibali, kaenda kwa Clell, kaagiza ya mashoto, fupi ya mkono wangu, darubini mbele isinipasue tena. Na sasa anaijaribu kabla hajanipa.

Nikateremka natiririka machozi. "Baba!"

Akageuka. Hakushtuka.

"Umechelewa," akasema. "Saa nne na dakika kumi."

"Baba, sikujua. Sikujua kama ni wewe. Asante. Sikustahili, na lile la kuku..."

"Asante ya nini?"

"Ya bunduki."

Akaiangalia bunduki, akaniangalia mimi, akakunja uso.

"Nani kakwambia ni yako?"

Nikanywea. "Sasa... ni ya nani?"

"Yangu."

"Wewe si mashoto."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa karatasi yangu ya risiti. Akatoa na kalamu. Akaiweka karatasi gotini, akaanza kuandika juu yake kwa mkono wa kushoto, polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni. Mkono ukafuata nyuma ya maneno ukayachafua.

Akanipa. Aliandika jina lake, Orrin, kwa mwandiko wa mtoto wa chekechea.

"Nilizaliwa hivi," akasema. "Nilipoanza shule mwalimu akaufunga mkono huu kwenye kiti kwa mshipi. Mwaka mzima. Nikirudi nyumbani mzee, babu yako, ananiuliza, leo umeutumia? Nikisema ndiyo, nalala njaa. Yeye ndiye aliyenipa lile jina. Mashoto, lete maji. Mashoto, funga lango."

Nilikaa chini kwenye kokoto.

Kisha akasukuma nywele juu ya jicho lake la kulia. Kovu lilikuwepo pale, limejipinda kama langu. Nimeliona maisha yangu yote. Nilidhani wanaume wote wa kwetu wanalo, kama masharubu.

"Mawili," akasema. "Angalia vizuri. La chini lilinipata nikiwa na miaka tisa. Kwa bunduki ile uliyoiuza."

"Ndiyo maana ulikasirika?"

"Sikukasirika." Akainama, akawa anaokota maganda ya risasi moja moja. "Niliona wivu. Wiki mbili tu, ukaitoa nyumbani kwako. Mimi niliiangalia ukutani miaka hamsini."

Nilikuwa na hasira. Sitawadanganya kwamba nilimsamehe pale pale, nilikuwa nataka kumrushia kokoto.

"Ulijua!" nikapiga kelele. "Ulijua inavyouma, ukanifanyia vile vile! Mbele ya wajomba!"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Nilidhani itapita. Nilidhani uchungu wako utapita ukubwani."

"Wako ulipita?"

Akafikiri kwanza. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana."

Akavua miwani akaifuta na shati. "Daktari anasema jicho la kulia limeshika ukungu, haliponi. La kushoto zima kabisa. Nikamwambia Clell, nitengenezee moja ya upande wangu kabla sijafa. Nyepesi, maana mgongo hautaki. Ya bei nafuu, maana ni upuuzi wa mzee. Nikampa urefu wa mkono wangu."

Urefu wa mkono wake. Nikanyoosha wangu. Naye akanyoosha wa kwake, tukailinganisha kiwiko kwa kiwiko, kidole kwa kidole. Hakuna tofauti hata ya kucha. Kumbe ndiyo maana ile bunduki ilinikaa. Ilipimwa kwa mkono wa mtu niliyekuwa nimemkimbia.

"Ila siwezi kuipiga," akasema. "Toka juzi nimelikosa debe hili risasi thelathini na moja. Mwili umesahau." Akameza mate. "Ndiyo nikakuita. Nifundishe."

Nikamwangalia. Miaka sabini na mmoja.

"Nina masharti," nikasema.

"Sema."

"Ijumaa naibeba mimi. Na wewe unakuja, unabeba maji."

"Sawa."

"Na uniombe msamaha. Wa kutamka."

Baba yangu si mtu wa maneno hayo. Akaangalia debe, akaangalia mlima, akaangalia viatu vyake. Akajikohoza kama injini ya baridi.

"Nisamehe, Joleen," akasema, kwa jina langu. "Nilikuumiza nikijua ninachofanya."

Nikapiga magoti nyuma yake. Nikaukamata mkono wake wa kushoto, nikauweka kwenye komeo. "Usilazimishe. Acha macho yote mawili wazi. Darubini iko mbele, haitakuuma. Fumba kwanza. Weka begani. Sasa fumbua."

Akafumbua.

"Ipo pale pale," akanong'ona. "Mama yangu, ipo pale pale tu."

Paa! Debe likaruka.

Alilia mzee yule. Alilia kwa sauti, na mimi pia.

Ijumaa hatukuona kitu zaidi ya kinyesi na nyayo. Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda, elki dume akatoka kwenye msitu wa miti myeupe, hatua mia moja na hamsini, akasimama katugeuzia ubavu. Baba alikuwa nyuma yangu na chupa za maji, nasikia pumzi yake.

Nikaiweka kwenye bega la kushoto. Alama ilikuwa inanisubiri. Nikafyatua, nikavuta komeo bila kuhangaika, tayari kwa ya pili. Haikuhitajika. Alitembea kama hatua kumi akaanguka.

Baba akaweka chupa za maji chini. Kisha akaweka mkono begani kwangu, mkono wa kushoto.

"Mashoto," akasema.

Neno lile lile. Sauti tofauti kabisa.

"Sema tena," nikamwambia.

Akasema tena.

Sasa bunduki inakaa wiki moja kwake, wiki moja kwangu, na tunagombana kuhusu nani kairudisha chafu. Nyama imegawanywa nusu kwa nusu. Raquel kaibandika ile barua ya kuku ukutani dukani, baba alimpa kwa hiari yake, na mzee Clell karudi anatembea na fimbo na anamsomea kila mteja.

Ninachotaka mkichukue hapa ni hiki. Kama kuna mtu alikupinda ukiwa mdogo, hasira yako ni halali, usikubali mtu akwambie vinginevyo. Ila ukipata nafasi, muulize yeye alipindwa na nani. Mimi nilikaa miaka minne maili kumi na mbili kutoka kwenye jibu, najifanya nasoma mifuko ya chakula cha mifugo.